Nilisoma Jina la Baba Mkwe Wangu Barazani

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na minane. Ninaishi Tororo, upande wa reli, na kazi yangu ni kushona mashuka na foronya. Majirani wananiita Mama Anjelina na wanadhani ni mjane. Sijawahi kuwasahihisha. Mume wangu yuko hai, ng'ambo ya mpaka, mwendo wa siku moja kwa miguu, na ana mke mwingine na wajukuu. Leo nimeamua kuwaeleza, wasomaji wenzangu, kwa nini mimi na yeye hatuli sahani moja.

Niliolewa na Wandera nikiwa na miaka ishirini. Mwingereza bado alikuwa anatutawala, ingawa kila mtu alijua anafunga mizigo. Boma la kina Wandera lilikuwa karibu na Busia, upande wa Uganda, mteremko mzuri unaoshuka hadi kijitoni. Mwenye boma alikuwa baba mkwe wangu, Mzee Egesa.

Mzee Egesa hakuzaliwa pale. Alivuka kutoka Butula, upande wa Kenya, akiwa kijana mwenye jembe moja begani, na wenye ardhi wakamkaribisha alime. Kwetu mtu kama huyo huitwa omumenya, yaani mgeni aliyepewa mahali pa kukaa. Lakini neno hilo halisemwi mbele ya mtu. Ukishampokea mgeni, akafyeka msitu, akazaa, akazika, unamfunika kwa kimya na anakuwa mwenzako. Mzee alikuwa amekaa pale zaidi ya miaka thelathini. Mkewe alizikwa pale, nyuma ya ghala la mtama. Nani angethubutu kumwita mgeni?

Nataka mjue alikuwa mtu gani kwangu. Kwa desturi zetu mkaza mwana na baba mkwe hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, hata njiani mmoja humpisha mwenzake. Basi hakuwahi kuingia jikoni kwangu hata siku moja. Lakini mimba zangu mbili zilipoharibika, na shangazi za mume wangu wakaanza kunong'ona kwamba Wandera ameoa gogo, Mzee alisimama uani, akiwa amenipa mgongo kwa heshima, akasema kwa sauti ya kusikika boma zima, "Huyu ni binti yangu. Mwenye neno aje aniambie mimi." Shangazi walikusanya kanga zao wakaondoka. Mwaka uliofuata nilimzaa Nabwire.

Huyo ndiye mtu niliyemtenda nitakayowaeleza...

Siasa ilipoingia kwetu, iliingia kwa lori. Kulikuwa na vyama viwili vikubwa. Kimoja tulikiita Ngao na kingine tulikiita Taa, kwa sababu ya picha zao. Ngao walikuja na vipaza sauti, wakaahidi kutujengea daraja pale kijitoni, ambapo wakati wa mvua wanawake tulikuwa tunavuka maji yakiwa kifuani na mizigo kichwani. Tusije tukadhani ni maneno matupu, walimwaga rundo la mawe ukingoni. Mawe kabisa, ya kushika kwa mkono! Tulipiga kura kwa Ngao, kijiji karibu chote. Wiki ya pili baada ya kura lori lilirudi... likapakia mawe yale likaondoka nayo.

Msicheke. Sisi tulicheka siku hiyo, kicheko cha mtu aliyeibiwa. Kura nyingine ilipokaribia, Taa nao walikuja kuahidi daraja, na wao pia walileta mawe. Kuna walioapa kuwa ni yaleyale, wameyatambua.

Kuanzia hapo watu walivichoka vyama vikubwa. Walichukua kadi za vyama vyote viwili, hii mfuko wa kulia na ile mfuko wa kushoto. Ngao wakija na chumvi wanatoa ya kulia, Taa wakija na sabuni wanatoa ya kushoto. Hakuna aliyemwamini mtu tena. Na watu waliochoka namna hiyo, jamani, ni kama shamba lililokwisha kulimwa. Anayekuja na mbegu yoyote inaota.

Aliyekuja alikuwa Bwana Zefania.

Alitoka upande wa Paya, na zamani alikuwa mkalimani mahakamani Tororo. Hakuja na lori. Alikuja kwa baiskeli, suruali imebanwa na kamba kifundoni, na chama chake kilikuwa kidogo hata jina lake hatukulijua vizuri. Picha yake ilikuwa kikapu. Alikaa chini nasi, akala mihogo yetu, akasikiliza zaidi ya alivyosema. Alipofungua mdomo alisema neno ambalo sote tulikuwa tunalingoja. "Wale wakubwa wanawahesabu ninyi kama mifuko ya pamba. Mimi sina mawe ya kuwaletea. Ninyi wenyewe ndio mtajenga daraja, na mtu wenu atakwenda kudai saruji yake barazani."

Mzee mmoja alimuuliza, "Sasa tutajuaje hii watu hawana kadi tatu?"

Zefania alitabasamu. Alisema chama chake hakina kadi. Kadi ni karatasi, inauzwa. Anayetaka kuingia Kikapu ataapa kwa kaburi la babu yake, na atataja kaburi lilipo, na neno lake litaandikwa kitabuni. Mtu hawezi kuuza kaburi la babu yake, alisema.

Ninyi wa huku mnaelewa uzito wa kiapo hicho. Anayekivunja hulala macho. Mmoja baada ya mwingine, watu wakaanza kuitikia. Nilisisimka mwili mzima... Hatimaye chama chenye heshima!

Alihitaji mtu wa kuandika. Mimi nilikuwa nimesoma shule ya misheni hadi darasa la sita, na mwandiko wangu ulisifiwa na masista. Zefania alinipa kitabu kikubwa chenye jalada jeusi akaniita Katibu. Katibu! Mimi ambaye juzi niliitwa gogo! Nilianza kutembea na kalamu imechomekwa kwenye nywele ili kila mtu aione. Wandera alinitania kwamba sasa hata ugali atauombea kibali. Nilicheka, lakini moyoni nililipenda sana lile neno. Nilipita boma hadi boma na kitabu changu, nikiandika jina, kaburi la babu liko wapi, na alama ya kidole gumba.

Mzee Egesa hakuja kuapa. Siku zikapita. Jirani mmoja akanichokoza, "Katibu, mbona kwako mwenyewe hakuna jina?" Nilichomwa. Nilimtuma Wandera kwa baba yake, akarudi na jibu kwamba Mzee anapenda chama na atakipigia kura, lakini kaburi la babu yake halina haja ya kukaa kwenye karatasi.

Ningemwacha. Lakini nilijitanda kanga, nikaenda kusimama nje ya ukuta wa nyumba yake, kama mkaza mwana anavyopaswa, nikamsemesha nikiwa siuoni uso wake.

"Baba," nilimwambia, "watu watasema nimewaapisha wengine nikawaficha wangu."

Nilimsikia akisogea karibu na ukuta. Kisha akauliza, "Hiyo kitabu itakaa kwa nani?"

"Kwangu mimi, Baba. Chini ya kitanda changu."

"Chini ya kitanda chako," alisema. "Haya. Kama ni kwako, andika."

Alitoka. Niliweka kitabu na kitambaa cha wino juu ya kigoda, nikarudi nyuma hatua tano, ili tusigusane. Alibonyeza kidole chake mwenyewe, polepole, kisha akataja: Egesa, kaburi la babu yangu liko Butula. Niliandika Butula kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Sasa nisikilizeni. Dalili zilikuwepo. Mwanamke mmoja muuza samaki, aliyekuwa akipeleka omena Kwapa, aliniuliza siku moja, "Nyinyi huku mnataja makaburi kwa nini? Kule Kwapa huyo bwana anaandika jina tu." Nilimjibu kwamba watu wa Kwapa hawaaminiki, ndiyo maana. Nilijibu haraka namna hiyo, kwa dharau.

Baadaye Wandera aliniambia ameiona baiskeli ya Zefania imeegemezwa ukutani kwa chifu wa gombolola, yaani tarafa yetu, si mara moja, mara tatu. Chifu yule alikuwa mtu wa Ngao, kila mtu alijua. Wandera alisema, "Anjelina, choma hicho kitabu. Kura tutapiga, kitabu hatukihitaji." Nilimwambia ananionea wivu kwa sababu yeye hajui kuandika. Niliona neno hilo lilivyomwingia, na sikulirudisha.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga. Mimi nilikuwa nimekilaza chini ya kitanda.

Zikiwa zimebaki siku chache kabla ya kura, Zefania alinitumia habari. Chifu ameitisha baraza, alisema, na serikali inataka kuona kwamba Kikapu kina watu kweli, la sivyo hakitaruhusiwa. Nije na kitabu. Nije nisome mwenyewe, maana sauti yangu inasikika. Wanachama wote wafike, kila mmoja asikie jina lake.

Nilifua gauni langu la Krismasi. Nililikunja usiku nikalilalia ili linyooke.

Asubuhi ile barazani kulikuwa na watu wengi kuliko nilivyotegemea, na askari kanga wanne, polisi wa chifu, wamesimama pembeni na fimbo. Nilijiuliza askari wa nini... nikaacha kujiuliza. Chifu alikaa kwenye meza, pembeni yake karani mwenye karatasi mbili mbele yake, na kando ya karani alikaa Zefania. Hakuvaa ile suruali ya kamba. Alivaa koti. Wanachama wetu walikaa chini kwenye nyasi, na Mzee Egesa alikuwa safu ya mbele, upande wa wazee, amevua kofia.

Zefania aliniambia, "Katibu, soma. Jina na kaburi."

Nilianza kusoma. Niliona fahari, sitaficha. Watu walitulia, sauti yangu ikaenda mpaka kwenye miti ya mvule. Fulani, kaburi la babu yake liko Masafu. Fulani, Lumino. Fulani, Funyula. Fulani, Masafu tena. Fulani, Nambale.

Jina kama la kumi hivi niliinua macho kumeza mate, nikaona mkono wa karani. Nikisema Masafu, anaandika karatasi ya kulia. Nikisema Lumino, ya kulia. Nikisema Nambale... mkono unahamia karatasi ya kushoto. Nilisoma jingine la Kenya, nikatazama. Kushoto.

Nilielewa. Wasomaji wenzangu, naapa nilielewa pale pale! Kwa miaka thelathini hakuna mtu aliyesema nani alivuka mto na nani hakuvuka, na mimi nilikuwa nasimama juani, nimevaa gauni la Krismasi, nalisema kwa herufi zote.

Nilimtazama Zefania. Alikuwa anaangalia kucha zake.

Jina la Mzee Egesa lilikuwa ukurasa uliofuata, la tatu kutoka juu. Nilikuwa na muda. Ningeweza kuliruka, nani angejua? Ningeweza kusema Masafu badala ya Butula. Ningeweza kuzimia, wanawake huzimia. Nilimtazama Mzee, na yeye alikuwa ananitazama mimi, jambo ambalo kwa desturi hakuwa akilifanya. Hakutikisa kichwa. Hakunikataza wala kunisihi. Alitazama tu.

Nilifungua ukurasa. Nikasoma la kwanza. Nikasoma la pili. Nikasoma, "Egesa, kaburi la babu yake liko Butula."

Kwa nini? Nimejiuliza miaka yote hii. Niliogopa askari? Kidogo. Lakini ukweli ni kwamba niliona aibu kukatisha. Watu wote walikuwa wananisikiliza, na nilikuwa nasoma vizuri, na sikujua namna ya kuacha. Hiyo ndiyo sababu. Ni ndogo hivyo.

Nilipomaliza, chifu alimwambia Zefania asimame. Zefania akasimama akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo Kikapu kimejiunga na Ngao, na yeye amewaleta watu wake wote, na kitabu ndicho ushahidi. Baadaye tulisikia alichoahidiwa: kiti katika halmashauri ya wilaya. Kitabu chetu kilikuwa mahari yake.

Kisha chifu akachukua karatasi ya kushoto.

"Hii watu nasikia jina yao," alisema. "Wamekubali kwa mdomo yao wenyewe, na kwa kiapo, kwao ni Kenya. Uhuru nakuja. Hatuwezi kuchaguliwa na wageni. Jina zao na ya watoto yao natoka kwenye kitabu ya kura leo. Na shamba wanakaa, wenye shamba watakuja kuuliza."

Mzee mmoja alijaribu kusema kwamba Egesa amekaa hapa kabla ya chifu mwenyewe kuota meno. Askari wakamketisha. Wenye ardhi, wale wajukuu wa waliomkaribisha Mzee, walikuwa palepale kwenye nyasi. Walinyamaza. Lile neno lisilosemwa lilikuwa limekwisha kusemwa, na ukishalisema hakuna anayeweza kujifanya hakulisikia. Nilimsikia kijana mmoja nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake, omumenya, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

Siku ya kura, boma zima la Mzee Egesa lilikuwa na mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kupiga. Mimi. Kaburi la babu yangu liko Masafu. Nilikwenda kwenye foleni, nikakuta picha ya Kikapu bado ipo, walikuwa wamechelewa kuiondoa. Nilisimama na karatasi mkononi mpaka msimamizi akaniuliza kama ninaumwa. Sikumpigia mtu yeyote. Niliirudisha ikiwa tupu.

Ngao walishinda. Pamba ilipovunwa tu, wenye ardhi walikuja kuuliza, na walikuja na askari. Mzee hakugombana. Aliomba jambo moja, aruhusiwe kurudi kila mwaka kupalilia kaburi la mkewe. Walimwambia wataona. Shamba lilipewa mtu wa Ngao, na msimu wa kwanza alilima hadi nyuma ya ghala...

Wandera aliondoka na baba yake. Asubuhi ile alimbeba Nabwire mabegani. Nilipochukua mzigo wangu kuwafuata alinigeukia akasema, bila ukali, "Wewe hawajakufukuza. Wewe ni wa hapa. Ulisoma mwenyewe." Nilisimama palepale na mzigo kichwani mpaka walipovuka kijito, maji yakiwafika kiunoni, maana daraja halikuwapo na halikuja kuwapo.

Niliwafuata mwezi wa pili. Butula walinipokea vibaya, na sikuwalaumu. Nduguze Mzee walikuwa wamegawana ardhi ya baba yao zamani, wakampa kona yenye changarawe, yeye mwenye nywele nyeupe, aanze tena kama kijana mwenye jembe moja. Huku alikuwa mgeni, na kule alikuwa mgeni. Alikuwa ameanza kukohoa.

Nilisimama nje ya ukuta wa kibanda chake, kama zamani. Nilimwambia, "Baba, nimekuja kuomba msamaha." Nililia sana. Nilimweleza kwamba sikujua, kwamba Zefania alinidanganya, kwamba niliitiwa jambo jingine kabisa. Nilisema yote, isipokuwa lile moja.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kikohozi kilipotulia akasema, taratibu, bila hasira, na nadhani hakukusudia kuniumiza.

"Nyina Nabwire, mimi nilikuwa safu ya mbele. Niliona ukiangalia mkono wa karani. Halafu ulisoma jina langu vizuri sana. Sauti yako haikutetemeka."

Nilirudi Uganda siku hiyohiyo. Alifariki kabla ya mvua za masika, akazikwa kwenye changarawe, peke yake, na mkewe akabaki chini ya pamba ya watu. Nabwire alikulia kule. Amekuja Tororo mara mbili maishani mwake, na mara zote mbili aliniita "mama" kwa adabu, kama anavyomwita mama yeyote wa sokoni.

Zefania? Alikaa kwenye kiti chake miaka michache, kisha Ngao nao wakamtupa. Nilikutana naye hapa mjini, mzee, akinunua shuka. Hakunitambua. Nilimpimia, nikamshonea, akaenda zake. Mnataka niseme nilimtolea maneno? Ningemwambia nini, wakati kalamu ilikuwa yangu?

Wasomaji wenzangu, siwaambii mchague chama kikubwa. Wakubwa walituletea mawe wakayarudisha, na wataendelea. Wala siwaambii mkimbie vidogo, huenda kipo cha watu waaminifu, sijui. Nawasihi jambo moja tu. Usimpe mtu siri ya jirani yako kwa sababu amekuita jina zuri. Aliyekuja kwa baiskeli anaweza kuondoka kwa gari, na alichobeba ni ninyi. Na wewe binti uliyesoma, unayesifiwa mwandiko, ukiitwa mbele ya wakubwa usome majina ya watu waliokuamini, ukaona mkono wa karani unahama... funga kitabu. Funga hata kama watu wote wanakutazama, hata kama utaonekana mjinga, hata kama watakupiga fimbo. Fimbo inapona. Mimi nilikuwa na majina mawili mazima ya kufikiri, nikayasoma yote mawili, kisha nikasoma la tatu.